Gia bila klachi: lini ni ufundi, lini ni uharibifu

Waulize waendesha pikipiki za porini kama ni sawa kupandisha gia bila kuvuta klachi, na ugomvi utaanza kabla hujapata jibu. Mmoja atasema anafanya hivyo kila siku na giaboksi yake haijawahi kufunguliwa. Wa pili atasema huo ndio mchezo unaowalisha mafundi. Wa tatu atakukumbusha kwamba kwenye motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo, mtu akishatoka mstari wa kuanzia, hakuna anayehangaika na klachi. Wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia gia tofauti, katika mazingira tofauti, na mara nyingine hata aina tofauti ya chombo.

Mimi nasimama hapa: klachi haibadilishi gia. Gia inabadilika pale mzigo unapoondoka kwenye meno yake, na klachi ni njia mojawapo tu ya kuuondoa. Mwenye kuelewa jambo hilo anaweza kuamua mwenyewe wakati wa kuivuta na wakati wa kuiacha. Asiyelielewa ataharibu giaboksi hata akiwa anavuta klachi kila mara.

Tuingie ndani. Giaboksi ya pikipiki ina shafti mbili zilizolala sambamba. Ya kwanza inapokea nguvu kutoka kwenye klachi. Ya pili inaipeleka kwenye sproketi ndogo ya mbele, ikaingia kwenye cheni na kufika gurudumu la nyuma. Kila gia, kuanzia namba moja hadi namba tano au sita, ni jozi ya magurudumu ya meno, moja kwenye kila shafti. Jozi hizo zimeng'atana muda wote, hata ukiwa kwenye nyutro. Watu wengi hudhani kubadili gia ni kuyaondoa meno ya jozi moja na kuyaingiza meno ya jozi nyingine. Sivyo. Meno yale makubwa hayaachani kamwe.

Kinachotokea ni hiki: katika kila jozi, gurudumu moja limeshikamana na shafti yake, na mwenzake anazunguka bure juu ya shafti yake bila kuisukuma. Pembeni ya huyo anayezunguka bure kuna gurudumu jirani linaloweza kuteleza kushoto na kulia, na ubavuni mwake limeota vinundu vinene vya chuma. Likisukumwa, vinundu vinaingia kwenye nafasi zilizochongwa ubavuni mwa mwenzake, na kuanzia hapo shafti, vinundu na gurudumu vinakwenda pamoja. Hapo ndipo gia imeingia. Anayelisukuma ni uma mdogo wa chuma, na uma huo unaongozwa na dramu yenye mifereji iliyopinda. Ukiinua pedali kwa buti, dramu inazunguka kipande kidogo, mfereji unausogeza uma, uma unasogeza gurudumu. Mwendo wote huo ni wa milimita chache tu.

Gari dogo la gia za mkono lina pete za shaba njano zinazosuguana kwanza ili kusawazisha mwendo kabla gia haijaingia. Pikipiki haina pete hizo. Badala yake, nafasi ambamo vinundu vinaingia zimeachwa pana kuliko vinundu vyenyewe, ili viweze kudaka hata kama pande mbili hazizunguki kwa kasi ileile sawasawa. Ndiyo maana ukiachia na kuongeza mafuta polepole ukiwa kwenye gia, unahisi mchezo mdogo, yaani ulegevu, kabla gurudumu halijashika. Sehemu yake inatoka kwenye cheni, na sehemu yake ni vinundu vinavyosafiri kutoka ukuta mmoja wa nafasi hadi mwingine. Mchezo huo ndio unaofanya gia bila klachi iwezekane, na ndio huohuo unaobadilika kuwa nyundo mambo yakifanywa vibaya.

Sasa mzigo. Injini inapovuta, uso wa kila kinundu umebanwa kwenye ukuta wa nafasi yake kwa nguvu yote inayoelekea gurudumuni. Tena watengenezaji wengi wanazichonga nyuso hizo kwa mshazari kidogo, ili mzigo ukizidi, vinundu vizidi kuvutana badala ya kuachana. Bila hivyo gia zingekuwa zinaruka kila unapopanda mlima. Kwa hiyo ukijaribu kutoa gia huku mafuta yamefunguliwa wazi, unapambana na injini yenyewe. Ni kama kuvuta komeo la mlango ambao mtu anausukuma kwa nje: halitoki hata ukilitesa, lakini ukiurudisha mlango kidogo tu, linateleza kwa kidole. Ukiivuta klachi, umekata mkondo wa nguvu na mlango umelegea. Ukiyarudisha mafuta kidogo, umelegea pia. Baadhi ya mashine za kisasa zinafanya kazi hiyo kwa kukata moto wa plagi kwa sehemu ndogo ya sekunde, zikipata ishara kwamba mguu umegusa pedali.

Lakini mzigo una pande mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukifungua mafuta, injini inasukuma gurudumu. Ukiyafunga kabisa na kusubiri, gurudumu ndilo linaloisukuma injini, ile hali ya pikipiki kujizuia yenyewe kwenye mteremko. Vinundu vimehama kutoka ukuta mmoja na kubanwa kwenye ukuta wa pili, na gia imekwama upya kwa upande wa nyuma. Kati ya hali hizo mbili kuna kitambo kifupi sana ambapo hakuna anayemsukuma mwenzake. Kitambo hicho ndicho kinachotafutwa. Anayefunga mafuta yote, akatulia, kisha akapiga pedali kwa nguvu, amechelewa. Kitambo kimepita, na anachosikia chini ya buti ni chuma kikilalamika.

Kwa hiyo mkono na mguu vinafuatana hivi. Ukiwa bado unaongeza kasi, weka ncha ya buti chini ya pedali na uinue kwa nguvu ndogo ya kudumu. Gia haitatoka, kwa sababu mzigo unaishikilia. Kisha rudisha mafuta kidogo, kwa wepesi, na uyafungue tena. Katikati ya tendo hilo vinundu vinalegea, na kwa kuwa mguu ulikwishaandaa msukumo, gia inayofuata inaingia yenyewe. Kazi ya kuchagua wakati inafanywa na mkono. Mguu unasubiri tu. Ikifanywa vizuri haina mlio wa kuogopesha, ni mguso mwepesi unaousikia kwenye nyayo kuliko masikioni. Ikiwa umelazimika kupiga teke, mkono wako haujafanya kazi yake.

Kupanda gia kunakubali mbinu hii kwa sababu ya hesabu rahisi. Gia ya juu inataka injini izunguke polepole zaidi kwa mwendo uleule wa gurudumu. Unaporudisha mafuta, injini inashuka yenyewe kuelekea kule inakotakiwa kwenda. Umeondoa mzigo na kusawazisha kasi kwa tendo moja la mkono.

Hata hivyo gia zote hazilingani. Chukua mfano wa giaboksi ambayo namba moja ina uwiano wa 2.5, namba mbili 1.7, namba nne 1.1 na namba tano 0.95. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika katika namba moja, ukiingiza mbili inatakiwa kushuka hadi 4,080. Hiyo ni karibu mizunguko 2,000 ya kupoteza kwa kufumba na kufumbua. Ukiwa kwenye mizunguko hiyohiyo 6,000 katika namba nne, ukaingiza tano, unashuka hadi takriban 5,180 tu. Tofauti ya kwanza ni zaidi ya mara mbili ya ile ya pili, na mshtuko unafuata tofauti hiyo. Ongeza kwamba nyutro imekaa katikati ya moja na mbili, kwa hiyo dramu ina safari ndefu zaidi na mguu mvivu unaweza kuiangukia nyutro wakati injini inaanza kunguruma upya. Namba mbili ikidakwa nusunusu baada ya hapo, inadakwa kwa pembe za vinundu.

Ndiyo maana binafsi naishauri klachi kwa moja kwenda mbili, hata kwa mtu mwenye mkono mzuri, isipokuwa pale ambapo kila sehemu ya sekunde ina thamani. Watengenezaji nao wanaonekana kuliona hivyo. KTM walipoweka mfumo wa kukata moto kwenye pikipiki zao za motokrosi za 450 SX-F za mwaka 2023, waliuruhusu ufanye kazi kuanzia namba mbili hadi tano. Namba moja kwenda mbili waliiacha nje.

Kushusha gia ni kesi nyingine kabisa. Gia ya chini inataka injini izunguke haraka zaidi kuliko ilivyokuwa, na injini haiongezi kasi kwa kufungiwa mafuta. Ukifunga mafuta na kukanyaga pedali bila klachi, vinundu vinakwenda kukutana na gurudumu lenye kasi tofauti, na kinachosawazisha kasi hizo ni mgongano wenyewe. Nguvu ya mgongano inapita kwenye vinundu, kwenye shafti, kwenye cheni, na kuishia kwenye tairi la nyuma, ambalo kwenye changarawe linaweza kukwama kwa nukta na kukuchukulia mkia wa pikipiki ndani ya kona. Inawezekana kushusha bila klachi kwa usafi: unapiga resi kidogo, na injini inapopanda unagusa pedali kwenye kile kitambo cha kati. Kuna watu wanaifanya vizuri. Lakini faida yake ni ndogo mno. Wakati wa kushusha gia unapunguza mwendo, haraka uliyokuwa nayo wakati wa kupanda haipo, na kidole kimoja kwenye klachi kinakupa pia uwezo wa kuizuia injini isizimike kwenye kona kali. Vuta klachi.

Pikipiki za tuu-stroku, mfano wa Yamaha DT125 au zile za motokrosi za 125, zinasamehe zaidi upande huu. Injini ya namna hiyo haina nguvu kubwa ya kujizuia ukifunga mafuta, kwa hiyo mzigo wa upande wa nyuma ni mdogo na kile kitambo cha kati ni kirefu kidogo. Foo-stroku yenye silinda moja kubwa, cc 450 kwa mfano, ni kinyume chake: inafunga kwa nguvu mara unapoachia mafuta, na mkono usio mwepesi unajulikana papo hapo. Aliyejifunza kwenye DT akahamia kwenye 450 anapaswa kuanza upya kuusikiliza mkono wake.

Kwenye pikipiki za magurudumu manne, kwadi, mkanganyiko unazidi kwa sababu jina moja linabeba mashine za aina tatu. Nyingi wanazopanda watalii, kama zile za Zanzibar, zinatumia mkanda na puli zinazopanuka na kusinyaa. Humo hakuna gia za kupandisha. Kuna mbele, nyutro na nyuma, basi. Aina ya pili ina pedali ya gia lakini haina mkono wa klachi, kama kwadi za kazi za Honda za familia ya FourTrax. Mwenye nazo husema anabadili gia bila klachi, na hasemi kweli kamili, kwa sababu klachi ipo. Moja inashika yenyewe mzunguko wa injini unapopanda, na nyingine imeunganishwa na pedali: sehemu ya kwanza ya mwendo wa pedali inaachanisha klachi, sehemu ya pili inasogeza gia. Wazo hilo Honda walilifanya maarufu kwa Super Cub mwaka 1958, pikipiki ambayo kufikia 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Kwenye mashine ya aina hii, kosa ni kuachia pedali ghafla kama umeungua. Mguu unapoinuka ndipo klachi inaposhika, kwa hiyo mguu uinuke taratibu, na mafuta yawe yamerudishwa wakati wa kubadili.

Aina ya tatu ni kwadi za michezo zenye klachi ya mkono kamili: Yamaha Banshee ya zamani, Raptor 700, YFZ450, Honda TRX450R. Hapa kanuni zote nilizoeleza zinafanya kazi, lakini kwa tahadhari zaidi. Pikipiki ikipokea mshtuko wa gia mbaya, tairi moja la nyuma linateleza kidogo kwenye vumbi na kuumeza mshtuko. Kwadi ina matairi mawili mapana kwenye ekseli moja ngumu, na uzito wake ni mkubwa. Ardhini haitelezi kirahisi, kwa hiyo mshtuko uliotakiwa kumezwa na vumbi unarudi kwenye cheni, kwenye ekseli na kwenye vinundu. Kwenye lami ngumu ni vibaya zaidi. Na gia ya kurudi nyuma, kwa zile zilizo nayo, iingizwe mashine ikiwa imesimama kabisa na klachi imevutwa. Hapo hakuna mjadala.

Je, giaboksi inakufa mapema? Vitabu vya mwongozo vya Yamaha vinamtaka mwenye chombo atumie klachi kila anapobadili gia, kwa maelezo kwamba injini na giaboksi havikuundwa kuhimili mshtuko wa gia ya kulazimisha. Nakubaliana na sababu hiyo moja kwa moja, kwa kuwa mshtuko ndio mwuaji. Fundi akipasua injini iliyoteswa, angalia vinundu kwa karibu. Kinundu kizima kina pembe kali, kama tofali jipya lililotoka kwenye kalibu, na alama ya mgusano imetanda uso mzima. Kilichoumizwa kina pembe zilizomomonyoka zikawa duara linalong'aa, na alama ya mgusano ni mstari mwembamba ukingoni. Kinundu cha namna hiyo kikipewa mzigo kinateleza kutoka kwenye nafasi yake, na wewe ukiwa juu unahisi gia imeruka kisha imerudi kwa kishindo. Angalia na uma: ncha zake zikiwa zimesagika upande mmoja na chuma kimegeuka rangi ya buluu, kimeungua kwa msuguano. Hiyo hasa ni kazi ya mguu unaopumzika juu ya pedali safari nzima, kosa linalofanywa hata na wale wasiowahi kuikosa klachi. Ndiyo maana ule msukumo wa kuandaa niliousema udumu kwa kitambo tu kabla ya kubadili, kisha mguu utoke.

Dalili za mapema zinaonekana kwenye oili. Bolti ya kumwagia oili kwenye mashine nyingi ina sumaku, na ujiuji wa kijivu laini juu yake ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Katika pikipiki nyingi za foo-stroku oili hiyo moja inahudumia injini, gia na pleti za klachi, kwa hiyo uchafu wa gia unasafiri kote. Honda CRF450R ilipotoka mwaka 2002 ilitenganisha oili ya injini na ya giaboksi kwa sababu za namna hiyo. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kiwango cha oili zinazofaa klachi inayolowa oili. Oili nyingi za magari madogo zina viungo vya kupunguza msuguano, na pleti za klachi zinaishi kwa msuguano.

Faida ya kuacha klachi inaonekana wazi mahali ambapo kupoteza mwendo ni kuzama. Kwenye mchanga wa mto mkavu kule Turkana, sekunde moja ya klachi iliyovutwa inatosha tairi la mbele kuzama na usukani kugeuka, na gia iliyotaka kuingia haina tena kasi ya kuibeba. Kwenye motokrosi, vidole vinaishiwa nguvu kabla ya miguu, na kila mvuto wa klachi uliookolewa ni nguvu iliyobaki ya kushika usukani. Kwenye mlima mrefu wenye mawe hali ni tofauti: kama injini imeshalemewa, usijaribu. Mzigo ni mzito kiasi kwamba ukirudisha mafuta kidogo tu, unaelekea kusimama. Panda mlima huo na gia uliyoichagua ukiwa bado chini yake.

Sababu nyingine ya kujifunza ni ya kawaida zaidi: waya wa klachi hukatika, na mara nyingi hukatika mbali na fundi. Ikikutokea, mwenye mbinu hii hatalala porini. Tafuta mteremko au sehemu ya tambarare yenye ardhi ngumu. Washa injini ikiwa kwenye nyutro, sukuma pikipiki hadi ianze kukimbia nawe, panda, na uingize gia kwa mguu wenye uamuzi huku mafuta yakiwa chini kabisa. Itashtuka, kisha itakwenda. Kama ina stata yenye nguvu, unaweza pia kuingiza namba moja injini ikiwa imezimwa, kuhakikisha mbele ni kweupe, kisha kubonyeza stata na kuondoka nayo. Kwa kwadi, ambayo haisukumiki, mara nyingi hiyo ndiyo njia pekee, na iwe kwa mara chache, kwa sababu stata nayo inaumia. Ukishaondoka, pandisha kama nilivyoeleza na ukae kwenye gia ya kati. Unapokaribia kusimama, punguza hadi namba mbili kwa kupiga resi, kisha itafute nyutro ukiwa bado unatembea. Ukisimama ndani ya gia, injini itazimika na kazi yote inaanza upya.

Waendeshaji wa safari ndefu za porini hufunga waya mpya wa klachi ubavuni mwa ule wa zamani, ukiwa umeshapitishwa njia yake yote kuanzia usukani hadi injini. Wa zamani ukikatika, wanachobadilisha ni ncha mbili tu.